Kupata Risasi ya Bei Nafuu na Kumimina Chubwi Nyumbani: Mwongozo Kamili kwa Wavuvi wa Mtwara na Lindi

Wanaojaribu kumimina chubwi zao wenyewe, yaani vizito vya madini ya risasi vya kuzamisha mshipi, hukwama palepale. Wamenunua skrepa, nusu yake ikakataa kuyeyuka. Au imeyeyuka, lakini chubwi zimetoka na mikunjo na matundu. Au risasi imeruka chunguni na kumchoma mtu mkono. Karibu kila mara chanzo ni kimoja kati ya viwili: risasi haikupimwa kabla ya kununuliwa, au kulikuwa na unyevu mahali fulani. Mwongozo huu umekaa zaidi kwenye hayo mawili. Kumimina kwenyewe ni kazi ya mchana mmoja.

Vifaa vya kuwa navyo kwanza

Vya kwenda navyo sokoni:

- Sumaku ndogo. Ya spika mbovu inatosha.
- Koleo la kukatia waya.
- Mzani wa kidijitali unaosoma gramu.
- Kopo na bakuli kwa ajili ya kipimo cha maji.

Vya kuyeyushia:

- Chungu cha chuma chenye kuta nene.
- Upawa wa chuma wa kumiminia, na kijiko cha chuma chenye matundu cha kuengulia uchafu.
- Jiko la mkaa lililokaa imara, lisilotikisika ukiligusa.
- Glavu ndefu za ngozi, miwani ya fundi, shati la pamba la mikono mirefu, na viatu vilivyofunika mguu wote, suruali ikishuka juu ya kiatu. Kandambili hapana. Nguo ya nailoni nayo hapana, kwa sababu huyeyuka na kugandia ngozi.
- Mshumaa mmoja, ndoo ya mchanga mkavu, na kalibu (umbo la kumiminia chubwi).

Chungu kinahitaji maneno zaidi. Sufuria zetu nyingi za nyumbani ni za alumini. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi na alumini kwenye 660, kwa hiyo mtu huona yuko salama. Lakini mkaa uliopulizwa vizuri hupita nyuzi 660, na hata kabla ya hapo alumini hulegea. Weka kilo tano za risasi juu ya kitako kilicholegea, na kitako kitafunguka. Karai la mabati pia liache, limepakwa zinki, na zinki ni adui wa kazi hii.

Nenda kwa fundi wa kuchomelea. Mwambie akukatie bomba jeusi la chuma la inchi 4, urefu wa sentimita 12, alifunge chini kwa sahani ya chuma na kuweka mkono mrefu. Ukikijaza theluthi mbili kitabeba kilo sita na ushei, ambazo zinatosha mtu mmoja kwa siku. Kipime kwa maji kama kinavuja, kisha kikaushe motoni kabisa kabla ya kukiwekea chochote. Chungu hicho hakitapika chakula tena maisha yake yote.

Hatua ya 1: Jua unahitaji risasi ya aina gani

Risasi laini ni ile iliyo karibu tupu. Ukucha unaichora na koleo linaikunja bila shida. Hiyo ndiyo ya nyavu za jarife na kimia, maana unaikata vipande na kuivingirisha kwenye kamba ya chini.

Risasi ngumu imechanganywa na antimoni kidogo, madini yanayoigumisha. Ukucha hauingii. Ni nzuri kwa chubwi za mshipi, hasa kwa wanaovua juu ya miamba, kwa kuwa haibonyei wala kukwaruzika upesi. Ukijaribu kuivingirisha kwenye kamba inapasuka. Kwa hiyo usinunue ngumu kwa kazi ya laini hata kama imeshuka bei, na ukizipata zote, zitenge kwenye makopo mawili tangu siku ya kwanza.

Hatua ya 2: Tafuta mahali sahihi

*Kwa mafundi matairi.* Hapa ndipo pa kuanzia. Kila gereji inayofanya balansi ya magurudumu ina kopo la vizito vilivyong'olewa. Vyenye kishikizo cha chuma, kama ni vya risasi, mara nyingi huwa na antimoni. Vile vya kubandika kwa gundi, kama ni vya risasi, huwa laini. Lakini siku hizi kopo hilo limechanganyika: Ulaya ilizuia vizito vya risasi kwenye magari mapya tangu 2005, na watengenezaji wa Japani nao walihamia chuma. Kwa kuwa magari yetu mengi madogo yanatoka huko, usitegemee kopo zima liwe risasi.

Mafundi wa matairi ya malori ndio wa kuwakimbilia, kwa sababu vizito vya malori ni vikubwa na kimoja kinaweza kutoa chubwi moja au mbili. Malori ya saruji na ya korosho yanapita Mtwara mjini, Mnazi Mmoja pale Mingoyo, na Masasi. Salimia, keti, omba uchague. Mazungumzo huenda hivi:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Pancha?"

"Hapana mzee, natafuta vile vizito vya balansi vilivyochakaa. Naomba nichague mwenyewe, nitalipa kwa kilo."

Ukiomba kuchagua na kulipa kwa kilo, wengi wanakubali. Ukiomba bure, unapewa mabaki ya chuma.

*Kwa wavuvi wenzako.* Jarife lililochakaa lina risasi kwenye kamba yake ya chini, na mwenyewe mara nyingi anataka tu kuliondoa uani. Ukipita Msangamkuu, Mikindani, Sudi au Kilwa Kivinje, ulizia nyavu mbovu kabla ya kuulizia skrepa. Risasi hii ni laini na ilishajulikana ni risasi. Tatizo lake ni maji, nitalifikia.

*Kwa wauza skrepa.* Utakuta mabomba ya zamani, mabamba ya kuezekea, na ganda la risasi la nyaya nene za ardhini. Kuhusu nyaya, kuwa macho. Waya uliokatwa juzi, bado unang'aa, huenda umeibwa kwenye miundombinu ya umeme au simu, na anayenunua mali ya wizi naye ana kesi. Mwombe muuzaji risiti. Akikunja uso, endelea na safari.

Viwili ambavyo huvigusi hata ukipewa bure

Cha kwanza ni betri ya gari. Najua ndiyo inayopatikana kila mahali, na najua wapo wanaoivunja kwa shoka nyuma ya nyumba. Ndani yake kuna asidi ya salfa, na sehemu kubwa ya risasi iliyomo si metali bali ni unga na matope ambayo moto wa mkaa hauyageuzi kuwa risasi safi. Unachopata ni kidogo, na unachoacha uani ni sumu. Mabamba yake pia yanaweza kuwa na aseniki na antimoni, ambazo mabaki yake yakikutana na unyevu yanaweza kutoa gesi ya kuua.

Thiaroye-sur-Mer, kitongoji cha pwani karibu na Dakar, Senegali, watoto 18 walikufa kati ya Novemba 2007 na Machi 2008, kwenye mtaa ambao watu walikuwa wakichambua betri na kuchekecha udongo wake watafute risasi. Betri mbovu mrudishie muuza betri na upunguziwe bei ya mpya, basi.

Cha pili ni chombo chochote cha risasi chenye alama ya mionzi: mapanga matatu meusi kwenye rangi ya njano. Hivyo hutumika hospitalini, na pia kwenye kupima viungo vya mabomba, na ukanda wetu una mabomba ya gesi. Mwaka 1987 huko Goiânia, Brazil, watu wa skrepa walifungua mashine ya tiba iliyoachwa, na wanne wakafa. Ukikiona, usikiguse, ondoka, toa taarifa polisi ili wawaite Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania.

Hatua ya 3: Pima kabla hujatoa pesa

Fanya vipimo kwa mpangilio huu, maana cha kwanza kinaondoa mengi kwa sekunde.

1. Sumaku. Kinachonata ni chuma. Lakini angalia, kishikizo cha kizito cha balansi ni chuma hata kama mwili ni risasi, kwa hiyo gusisha mwili.

2. Maandishi. Vizito vingi vimepigwa chapa: Pb ni risasi, Zn ni zinki, Fe ni chuma.

3. Koleo. Bana kwenye pembe. Kwenye risasi meno yanazama. Kwenye zinki yanateleza na kuacha alama hafifu.

4. Sauti. Angusha juu ya sakafu ya saruji. Risasi inatoa kishindo kizito kisicho na mlio. Zinki inalia.

5. Karatasi. Kwaruza sehemu uliyokata ili ing'ae, kisha iburuze kwenye karatasi. Risasi inaacha mstari wa kijivu.

Kwa donge kubwa lisilojulikana, tumia maji. Jaza kopo hadi ukingoni, liweke ndani ya bakuli kavu, tumbukiza donge polepole kwa uzi. Pima maji yaliyomwagikia bakulini. Gramu moja ya maji ni mililita moja. Gawa uzito wa donge kwa uzito wa maji. Risasi inakuja 11 na kitu, chuma kati ya 7 na 8, zinki 7 na kitu, alumini haifiki 3. Donge la gramu 560 lililomwaga gramu 50 ni risasi. La gramu 560 lililomwaga gramu 78 ni zinki, mrudishie mwenyewe kwa heshima zote.

Kwa nini zinki inaogopwa hivyo? Kidogo tu kikiyeyukia ndani, chungu chote kinageuka uji wa mabonge, hakimiminiki, hakijazi kalibu. Huna njia rahisi ya kuitoa.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya bei halisi

Bei ya kilo inadanganya. Tuseme fundi anataka shilingi 3,000 kwa kilo ya vizito bila kuchagua. Umechota kilo moja, ukapima, ukakuta gramu 600 ni vya risasi. Ukitoa vishikizo na uchafu zinabaki gramu 500 hivi. Umelipa 6,000 kwa kilo ya risasi. Jirani yake anayeuza donge safi kwa 5,000 ndiye mwenye bei nafuu.

Hata ukichagua vya risasi vitupu, kadiria kwamba kama kilo moja katika kila tano itakwenda na vishikizo na uchafu. Ukifika na hesabu hiyo kichwani, huhitaji kubishana sana.

Hatua ya 5: Chagua mahali na wakati

Nje, mbali na nyumba, mbali na kisima, mbali na pale wanawake wanapoanika mchele au watu wanapoanika dagaa. Risasi inadhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Mjamzito na watoto wasiwepo kabisa, hata kutazama.

Simama upande unaotoka upepo. Fanya kazi asubuhi umande ukishakauka, au siku yenye upepo mwepesi usiogeuka. Kusi ikivuma kwa vishindo, ahirisha. Siku ya manyunyu pia ahirisha, hata kama mkaa umeshashika. Tone moja la maji likinaswa chini ya risasi iliyoyeyuka linageuka mvuke na kutanuka zaidi ya mara 1,600 papo hapo, na kinachorushwa juu ni hiyo risasi. Ndiyo maana ndoo ya tahadhari ni ya mchanga mkavu, si ya maji.

Hatua ya 6: Kausha kila kitu

Hapa ndipo wengi wanaungua, hasa wenye risasi ya nyavu za zamani. Tundu la kamba linaficha chumvi na maji miezi mingi baada ya wavu kuanikwa. Kwa macho imekauka, ndani ina tone.

Fungua risasi zote, toa kila uzi, zigonge zipanuke, zioshe kwa maji baridi kuondoa chumvi, kisha anika juani siku kadhaa. Siku ya kazi, ziweke zote ndani ya chungu kikiwa baridi, halafu ndipo uwashe moto. Zinapopanda joto pamoja na chungu, maji yanaondoka taratibu kabla risasi haijayeyuka.

Usiongeze kipande kwenye risasi iliyokwisha kuyeyuka. Ukitaka kuongeza, acha chungu kipoe na risasi igande, weka kipande juu, anza upya. Ni kupoteza nusu saa, lakini macho hayapotei. Upawa na kijiko navyo vipashe moto pembeni mwa jiko kabla ya kuvichovya.

Hatua ya 7: Yeyusha na safisha

Mkaa wa kawaida unatosha, usipulize sana. Vyenye antimoni huanza kulegea mapema kidogo kuliko risasi tupu. Vishikizo vya chuma vitaelea, viengue kwa kijiko chenye matundu na kuviweka kwenye kopo kavu.

Sasa angalia kama kuna kizito kilichobaki kigumu juu wakati vingine vimeshayeyuka. Hicho ni zinki iliyokupita. Inahitaji nyuzi 419, kwa hiyo moto wa wastani hukupa nafasi ya kuinasa. Itoe mara moja. Anayechochea moto mkali ili amalize haraka ndiye anayeiyeyusha bila kujua.

Uso wa risasi safi unang'aa. Ukianza kuvaa rangi ya dhahabu, zambarau au buluu, moto umezidi: punguza hewa ya jiko. Risasi iliyozidi joto inatoa mvuke na unga zaidi, na barakoa ya kitambaa haikingi.

Kisha tupia kipande cha mshumaa, kiasi cha ncha ya kidole. Kitatoa moshi na kuwaka, kwa hiyo rudi nyuma. Koroga hadi chini na kukwangua kuta. Unga wa kijivu utajitenga juu, uengue. Umefaulu ukiona uso unaojirudia kung'aa kila unapopitisha kijiko.

Kama bado huna kalibu, mimina kwenye vipande vya chuma cha pembe vilivyofungwa ncha na fundi. Utapata mikuo (vipande virefu vya risasi) ya kutunza, iandike kwa msumari "laini" au "ngumu".

Hatua ya 8: Mimina

Kalibu rahisi ni vipande viwili vya mninga mkavu vilivyobanwa pamoja, ukatoboa kwenye mstari wa maungio. Tundu la milimita 16 lenye kina cha milimita 44 linakupa chubwi ya gramu 100, kasoro kidogo. Katikati simamisha spoki ya baiskeli iliyopakwa masizi, ndiyo itakayoacha njia ya mshipi. Paka masizi ya koroboi ndani ya tundu zima ili chubwi isigande kwenye mbao.

Pasha kalibu pembeni mwa jiko. Chubwi za kwanza zitatoka na mapovu kwa sababu mbao bado inatoa unyevu wake. Simama mbali na mdomo wa tundu, na usihesabu chubwi hizo, zitarudi chunguni baada ya kupoa na risasi ya chunguni kuganda. Mbao ikishaungua juu juu na kuwa nyeusi, inatulia. Wanaomimina nyingi wampe fundi wa kukereza kipande cha alumini awatengenezee kalibu ya kudumu.

Mimina kwa mkondo mmoja bila kukata. Risasi inasinyaa ikiganda, kwa hiyo acha kilima kidogo juu, vinginevyo utapata shimo. Ikishaganda, chomoa spoki kwa koleo ingali na joto, fungua kalibu, acha ipoe yenyewe. Usiitumbukize majini karibu na chungu.

Kusoma matokeo: mikunjo maana yake kalibu au risasi ni baridi. Uso wenye ukungu mweupe, joto limezidi. Matundu, unyevu au masizi mengi mno. Chubwi nzuri ina uso laini na kingo kamili.

Kwa jarife, mimina risasi laini kwa wembamba wa milimita 2 au 3 juu ya bamba la chuma lililopashwa moto, kata kwa mkasi wa bati, vingirisha kwenye kamba.

Hatua ya 9: Malizia na safisha

Kata mabaki kwa kisu, usitumie msasa mkavu, vumbi lake ndilo linaloingia mwilini. Pima chubwi kadhaa, tofauti ya gramu chache si kitu.

Unga ulioengua tia kwenye kopo lenye kifuniko na kumpelekea muuza skrepa. Usimwage baharini wala shambani. Jiko na majivu yake yasirudi jikoni. Nawa mikono na uso kwa sabuni kabla ya sigara, chai au kumshika mtoto, na nguo za kazi zifuliwe peke yake.

Na ile tabia ya kushika chubwi mdomoni huku unafunga ndoana, au kuibana kwa meno, iachwe. Koleo lipo.

Pale ambapo risasi haifai

Kwenye miamba inayokula chubwi kila unapotupa, risasi ni hasara hata kama umeipata nafuu, na inabaki chini ikiwa sumu. Tumia plagi kuukuu za bodaboda au jiwe lililofungwa kwa uzi mwembamba kuliko mshipi wako: likinasa, uzi unakatika, ndoana na samaki vinapanda. Weka chubwi zako nzuri kwa ajili ya mchanga, na kwa siku za bamvua mkondo unapokuwa na nguvu na plagi haikai chini.